Cherehani sita na barua ya jumuiya: yaliyonikuta kufundisha vijana ushonaji parokiani

Mwezi uliopita kuna mama wa parokia nyingine alinipigia simu, anasema Baba Paroko wao kamwomba aanzishe darasa la ushonaji kwa vijana na yeye kashakubali, sa anataka nimpe mbinu mbili tatu. Tukaongea lisaa lizima mpaka salio lake likakata na nilikuwa sijafika hata nusu. Ndo nikaona bora niandike yote, maana najua hayuko peke yake, siku hizi kila parokia inataka kuwa na darasa la vijana na wengi wanaanza kama nilivyoanza mimi, yani kichwa kichwa.

Mi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu nje kidogo ya mji wa Mwanza, nashona tangu 2004, sare za shule, vitenge, sare za kwaya, mashuka, chochote kinachopita chini ya sindano. Ualimu sijasomea. Ni mwana WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa kawaida, yule anayepika siku ya somo, yani mtakatifu msimamizi, wa parokia na kurudi nyumbani na sufuria za watu.

Ilikuwa January 2022, matokeo ya form four ndo yametoka, Jumapili ile kwenye matangazo paroko akaacha karatasi akaanza kuongea. Akasema elimu bila ada ipo tangu 2016, watoto wetu wengi wanafika form four, sawa, lakini hebu hesabuni waliopata ziro na foo kwenye jumuiya zenu, hivi vikundi vyenu vya majirani vya kusali, mwone wako wapi leo, wavulana wanaponda kokoto kwenye majabali, wasichana wako mwaloni wanaanika dagaa za watu au wana mimba. Alafu akasema kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka, kwamba Kanisa shule tunazo, tena nzuri, kila mwaka tunajisifia zinavyofaulisha, "lakini humu ndani ni nani anaweza kulipa ile ada?" Watu wakacheka kile kicheko cha aibu. Mi mwenyewe mtoto wangu wa kwanza nilimtafutia nafasi kwenye shule ya masista, nilipoona karatasi ya ada niliikunja nikairudisha kwenye bahasha taratibu.

Baada ya misa akanifuata. Fundi, tutaanza darasa la ushonaji pale ukumbini, wewe ndo mwalimu. Nikasema ndiyo Baba. Basi, hapo hapo, bila kuuliza siku ngapi kwa wiki, nani ananunua uzi, nitalipwa au ni utume tu, na utume huo unaisha lini. Fundi yeyote anajua January ndo mwezi wa sare, ndo mwezi ambao mimi nalipia kodi ya kibanda ya miezi sita, na ndo mwezi niliokubali kukaa ukumbini siku tatu kwa wiki. Oda ya shule moja niliyokuwa naishonea miaka minne ilikwenda kwa fundi mwingine na haikurudi. Kwahiyo ukiombwa kazi ya aina hii, kubali, lakini rudi kesho yake na karatasi yenye maswali. Padri hatakuchukia.

Harambee ilienda vizuri kuliko tulivyotegemea. Jumuiya zilichanga, baada ya misa ya pili pakafanyika mnada kama kawaida yetu, jogoo mmoja akauzwa mara tatu maana kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, mpaka jioni tulikuwa na milioni moja na laki nne na sitini. Tukanunua cherehani nne mpya za kukanyaga kwa laki mbili na themanini kila moja, mbili tulipewa zimetumika. Sita. Zilizobaki laki tatu na arobaini zikaenda kwenye meza, mabenchi na mikasi. Siku ya kuzibariki tulipiga picha mpaka basi.

Wiki ya tatu uzi ukaisha.

Sijui nieleze vipi ili nieleweke, lakini hili ndo kosa ambalo nimeliona karibu kila sehemu niliyotembelea baadaye. Watu wanachangia cherehani kwa sababu cherehani inaonekana, unaibariki, unaipiga picha. Uzi hauonekani. Sindano zinavunjika, mwanafunzi mpya anavunja hata tatu kwa siku, kuna chaki, mafuta, mkanda wa cherehani ukikatika, na kitambaa cha kujifunzia ndo balaa kabisa. Mi nikawa natoa kibandani kwangu, leo roli mbili, kesho sindano pakiti, na kwa kuwa siandiki popote nilikuja kushtuka December nilipokaa na mume wangu kupiga hesabu ikafika kama laki sita, ukiacha ile oda ya shule. Tuligombana, sitaficha. Alisema, Mama, Mungu hajakwambia ufunge duka.

Tulichokuja kufanya ni hiki, mwanafunzi anaanza kukata kwenye karatasi za mifuko ya saruji, tunaokota kwenye nyumba zinazojengwa, wiki nne nzima ni karatasi tu. Alafu mashuka ya mitumba, unaenda soko la Mlango Mmoja asubuhi ya siku ya belo unachagua yaliyotoboka katikati, yale kuyapata ni bei ya kutupa na pembeni bado ni mazima. Mwanafunzi akishaweza mshono ulionyooka anashona foronya na mifuko ya sokoni, zinauzwa baada ya misa, hela inarudi kwenye uzi. Lakini hayo nimeyajua mwaka wa pili.

Sa nije kwenye lililoniuma zaidi.

Wakati wa kuandikisha tuliweka masharti. Kikao kikasema mwombaji alete barua kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya yake kwamba anasali na familia inatoa zaka, alete nakala ya cheti cha ubatizo, na elfu ishirini ya kujiunga. Hakuna aliyeona tatizo, mi nikiwemo, nilisema kabisa tena kwa sauti kwamba bila utaratibu tutavamiwa. Wakaandikishwa vijana 31. Unajua walikuwa akina nani? Watoto wa viongozi. Mtoto wa mweka hazina, wawili wa mwenyekiti wa kanda, mtoto wa mwanakwaya, na mpwa wangu pia yumo. Watoto wazuri, sina neno nao, lakini walikuwa wanapitisha muda tu wakisubiri chuo au form five, ilipofika July nikabaki na tisa.

Na muda wote huo dirishani kulikuwa na watu. Ukumbi wetu una madirisha makubwa ya nondo bila vioo, vijana wanaotoka kwenye kokoto wanapita pale kuelekea bombani, wanasimama wanaangalia. Mzee anayetunza ukumbi alikuwa anawafukuza na fimbo, eti wataiba. Siku moja nafundisha kwapa la gauni, sehemu inayowasumbua wote, nasikia sauti dirishani, "Shikamoo Mama, samahani, hapo unakata mlalo kabla hujageuza au baadaye?" Nageuka, msichana wa miaka kama kumi na saba, kabeba mtoto mgongoni, vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Swali lilikuwa sahihi. Hakuna hata mmoja wa ndani aliyekuwa ameliuliza. Nikamjibu na nikaendelea na somo, sikumwambia aingie. Hilo nalirudia kwenye maungamo kila nikikumbuka, ingawa padri kashaniambia inatosha.

August tukaletewa frateri, yani mseminari anayesomea upadri, wa mwaka wa kichungaji, kijana mmoja mwembamba, hana makuu. Kakaa wiki moja anaangalia, mzee wa ukumbi kawafukuza watu wa dirishani kama kawaida, frateri akacheka peke yake. Nikamuuliza Frateri unacheka nini. Ndo akanisimulia habari za Don Bosco, padri wa zamani wa Italia aliyelea vijana maskini, mi nilikuwa namjua kwa jina tu, na kwamba wasalesiani, watawa wa shirika lake, wapo hapa Tanzania tangu 1980 wana vyuo vya ufundi Dodoma, Iringa na kwingine. Anasema kazi yote ile inahesabiwa ilianzia sakristia, kile chumba cha padri kuvalia, huko Torino, Italia, tarehe 8 December 1841, padri yuko anavaa kwa ajili ya misa, kuna kijana kaingia, Bartolomeo Garelli, yatima, kibarua wa ujenzi, sakristani akamwambia tumikia misa, kijana hajui, sakristani akampiga akamfukuza. Don Bosco akafoka, mrudishe huyo, ni rafiki yangu. Akamuuliza unajua kusoma, hajui, kuandika, hajui, kuimba, hajui, na kupiga mluzi je? Hapo kijana akatabasamu, urafiki ukaanza. Frateri akamaliza akasema, Mama, sisi tunaye sakristani na kijana tunaye, bado padri tu.

Nilikasirika kwanza. Nikaona katoto kadogo kananifundisha. Usiku sikulala.

Tukapeleka hoja kwenye halmashauri walei, yani baraza la waumini wa parokia, kuondoa barua ya jumuiya, kuondoa cheti cha ubatizo, na kiingilio kishuke hadi elfu tano inayolipwa kidogo kidogo. Kikao kilichukua saa nne. Mzee mmoja wa makamo ya marehemu baba yangu akasimama, jamani, shule zetu zilitaifishwa mwaka 1970, tulizijenga kwa mikono tukazitoa, leo tena zaka yetu inunue uzi wa watoto wasiosali? Watu wakapiga makofi. Na ukweli hoja yake ina uchungu ndani yake, wazazi wa watu hapa walibeba mawe ya zile shule vichwani. Frateri akaomba neno, akasema kwa adabu kabisa, babu shikamoo, mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walipokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kilimo na ufundi, hakuna aliyeombwa barua ya jumuiya. Ukumbi ukacheka, na mzee mwenyewe akacheka, nadhani kicheko kile ndo kilitupa kura. Paroko akafunga kwamba zaka hailishi walioshiba.

Jumatatu iliyofuata walikuja 40 na kitu. Cherehani sita.

Walikuja Wakatoliki wasiosali, Walokole, Wasabato wengi tu, hapa kwetu wapo wengi, na wasichana watano Waislamu akiwemo yule wa dirishani. Vikaja na vitu ambavyo hatukuvipanga. Siku zetu zilikuwa Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, Wasabato Jumamosi hawaji, tukaihamisha iwe Ijumaa, Ijumaa nayo Waislamu wana swala, mwisho tukakaa Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Na saa. Mi nilipanga saa tatu asubuhi kama shule, wakati asubuhi ndo muda wa kuponda kokoto kabla jua halijawaka, ukimwita saa tatu umemwambia achague kati ya cherehani na chakula. Tukahamia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Ukitaka kuanzisha, uliza saa kabla hujauliza kitu kingine chochote.

Njaa je. Nilikuwa naona mtoto anasinzia kwenye cherehani nasema mvivu. Sista mmoja wa zahanati akaniambia waulize wamekula nini. Niliuliza, nikanyamaza. Wakina mama wa WAWATA wakaanza zamu ya uji, sukari kila jumuiya inaleta kilo moja kwa mwezi, na bibi wawili wakajitolea kukaa na vitoto vya wanafunzi pembeni ya ukumbi. Uji ulileta mahudhurio kuliko mahubiri yote tuliyotoa, na nasema hivi nikijua paroko atasoma.

Suala la dini watu wananiuliza sana. Tulikuwa tunaanza na Baba Yetu, asiyesali hivyo anakaa kimya, basi. Katekista wetu, mtu mwenye bidii sana, alitaka nusu saa ya mafundisho kila siku maana samaki wameshaingia wavuni, paroko akakataa, akasema mafundisho yana siku yake na mlango uko wazi, hapa tumewaita kwa ajili ya cherehani tusiwageuzie maneno. Kuna waliokuja wenyewe kubatizwa baadaye, wawili. Wengi hawakuja. Wasichana wa Kiislamu walikuwa wanasali kwenye stoo ya mabenchi, bibi mmoja wa WAWATA ndo alikuwa anawafagilia.

Sasa ukali wangu. Mi nilifundishwa na fundi aliyekuwa anapiga na rula ya mbao, nikafundisha hivyo hivyo. Kulikuwa na kijana wa kiume, miaka 19, mikono mizuri sana, siku hiyo kakata kitambaa cha mteja wangu nilichokuja nacho kumalizia hapo ukumbini (kosa langu, kitambaa cha mteja kilifuata nini pale?), nikamchapa na rula vidoleni mbele ya wasichana. Hakusema kitu. Hakurudi. Wiki ya pili Sista akaniambia twende. Tukamkuta kwenye jabali na mama yake, wanaponda, kila mmoja na kilima chake cha kokoto. Mama yake akatupa salamu, Tumsifu Yesu Kristo, akatupa mawe tukalie. Nikaomba msamaha pale pale, ilinitoka vibaya, nililia. Kijana akasema, "Mama Fundi, hata shule nilitoka kwa sababu ya fimbo, nilijua huku kwa Mungu hamna." Alirudi Jumanne. Rula tuliitumia kupima tu baada ya hapo, na nikikasirika natoka nje naenda kuangalia uji.

Kosa jingine lilikuwa la kupenda mno. Binti mmoja alikuwa anashona kuliko wote, alitolewa shule form two kwa mimba, mi nikawa namwona ndo mrithi wangu. Mwaka mzima kumbe anatamani kurudi darasani, anaogopa kuniambia. Serikali ilisharuhusu wanaojifungua warudi shule tangu November 2021, tangazo lilisikika redioni, na mi nililisikia, sikulihusisha naye kwa sababu nilimtaka kwenye cherehani yangu. Frateri ndo alikaa naye. Akarudi shule 2023. Sikuwahi tena kumwandikisha mtu bila kumuuliza kwanza kama anataka shule, na kama umri umepita namwelekeza kwenye QT, ule mtihani wa maarifa, asome kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuna anayekuja kwako anatafuta cherehani, kuna anayekuja kwa sababu mlango wako ndo pekee uliokuwa wazi.

Kuhusu vyeti nitasema kwa kifupi maana nikifikiria kichwa kinauma. Tulichapisha vyeti vizuri na muhuri wa parokia, vijana wakaenda navyo kuomba kazi wakaambiwa hivi ni vya kipaimara? Kila mtu akaniambia nenda VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, kasajili, nikaenda, kumbe usajili wa vyuo vya ufundi ulishahamia NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na masharti yao ya majengo, walimu na vifaa sisi na ukumbi wetu tungeota tu. Kilichotufaa ni kwamba VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia mtaani na kuutambua ujuzi wake, kijana anapimwa anapata cheti kinachosomeka. Waulize VETA mapema, na mwambie mwanafunzi siku ya kwanza kabisa kwamba parokia haitoi cheti cha serikali. Sisi tulikaa kimya wakajazia wenyewe.

Walioiva tukaanza kuwapeleka kwa mafundi wa mjini wakae miezi mitatu wazoee wateja. Binti mmoja nikamkuta Makoroboi, kule mjini, anachota maji na kubeba mtoto wa tajiri, cherehani hajaigusa wiki tatu. Nikarudi na hasira, frateri akaniambia tena habari zake za Torino, kwamba mwaka 1852 Don Bosco alimwekea kijana seremala mkataba wa maandishi na tajiri wake, umeandikwa kwamba asipewe kazi zisizo za ufundi. Miaka mia na sabini nyuma! Tukatengeneza wetu, ukurasa mmoja, kazi ni kushona tu, saa za kuingia na kutoka, nauli na chakula cha mchana anatoa tajiri, asipigwe, siku yake ya ibada aachwe, saini ya tajiri, ya kijana, ya mzazi na ya parokia. Mafundi watatu walikataa kusaini, ndo tukawajua.

April 2023 kikundi cha wasichana saba kilikuwa kimekamilisha makaratasi ya mkopo wa halmashauri ya serikali, ile asilimia kumi ya mapato yake, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mwezi huo huo mikopo ikasimamishwa nchi nzima, ikarudi 2024. Hakuna wa kumlaumu pale ukumbini lakini mi ndo niliwaambia waache vibarua wasubiri hela. Wawili walirudi kwenye dagaa na sikuwaona tena.

Alafu July 2023, uhamisho. Paroko akapelekwa parokia ya mbali, frateri karudi seminari, ndani ya wiki mbili wote wawili hawapo. Paroko mpya hana kosa, hakukuta hata karatasi moja. Narudia, hata moja. Kile kikao cha saa nne kiliandikwa kwenye daftari ambalo katibu alihama nalo. Cherehani hazikuwa kwenye leja ya mali za parokia. Hela za foronya zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu, M-Pesa, zinachanganyika na za kibanda. Kamati ikasema ukumbi unakodishwa kwa harusi, cherehani zikasukumwa stoo, mlango ukapigwa kufuli, na darasa likafa miezi minne.

Na maneno yakaanza. Kwamba fundi kajenga kwa hela za vijana. Kwenye jumuiya yangu mwenyewe, watu niliowapikia misiba yao, nikiingia wananyamaza. Nilitoa meseji zote za simu, nikaenda kuchapisha taarifa ya miezi kumi na nane, nikakaa na mume wangu (yule yule aliyegombana nami) tukapigia mstari kila foronya, ikaonekana parokia ndo ilikuwa inanidai sifuri na mimi naidai laki nne na kitu. Nikaipeleka kwa paroko mpya, nikasema Baba sidai, naomba tu ujue. Alisoma yote. Akauliza mlikuwa mnafundisha nini hasa.

Wiki zile zile askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara na watumikizi walikuwa na kanzu zimechakaa, fundi wa mjini katoa bei ya kutisha. Nikasema nipe ufunguo wa stoo siku kumi. Nikawaita wanane, yule wa dirishani ndo aliyekata, walishona kanzu 24, kola zimekaa, pindo limenyooka, wakafua na kupiga pasi. Siku yenyewe paroko akaniuliza ni nani kashona kola hizi, nikamwonyesha pale nje ya kanisa chini ya mwembe, kavaa hijabu anamnyonyesha mtoto. Akamfuata akamsalimia, sijui waliongea nini.

January 2024 tulifungua tena. Safari hii kuna muhtasari uliosainiwa nakala tatu, moja ofisini, moja kwa dekano, padri anayesimamia parokia za eneo letu, moja kwangu. Cherehani ziko kwenye leja na namba zake. Akaunti ina saini tatu na mimi sipo kati yao, nimekataa. Wakufunzi tuko wawili, mwenzangu ni yule kijana wa kokoto, analipwa, kidogo lakini kila mwezi. Mi naenda Jumanne tu, January siendi kabisa.

Yule binti wa dirishani sasa ana kibanda chake barabarani, kama mita mia mbili kutoka changu. January hii kachukua oda ya sare za shule moja niliyokuwa naifukuzia mimi, bei yake ilikuwa chini ya yangu kwa elfu moja kila sare. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikambebea ovaloki yangu, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, nikamwazimisha, maana alikuwa na sare themanini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, na mwanae anaanza darasa la awali na sare yake mwenyewe ilikuwa bado haijakatwa.